Kisanduku cha data kinapozimika nyumbani: Hatua za kuokoa picha na stakabadhi zako

AKIBA haiozi, walinena wahenga. Lakini wahenga hao hawakuweka picha za arusi, sauti za babu na bibi zilizorekodiwa, nakala za hatimiliki ya shamba na hesabu za chama za miaka kumi ndani ya kisanduku kimoja cha plastiki kando ya runinga.

Akiba ya namna hiyo huoza. Huoza kimya kimya, na aghalabu mwenyewe hung'amua siku ile ile anapoihitaji.

Makala haya yanaeleza la kufanya siku hiyo ikifika. Yanamhusu hasa mkazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, ambaye hukatikiwa umeme na kurejeshewa bila hodi, ambaye vumbi jekundu la Tsavo humwingilia kila penye upenyo, na ambaye huenda akalazimika kusafiri hadi Mombasa au Nairobi kumtafuta mtaalamu mwenye vifaa kamili vya kuokoa data.

Jambo la kwanza la kulijua ni hili: kufa kwa kisanduku si kufa kwa data. Mara nyingi kinachoharibika ni kitu kingine kabisa, na faili zote zimo ndani salama salimini. Kinachozimaliza ni pupa ya mwenyewe au ya fundi asiyejua anachokishika.

Kifaa chenyewe ni kipi?

Kitaalamu kifaa hiki huitwa NAS, yaani hifadhi iliyounganishwa kwenye mtandao wa nyumbani. Ndani yake mna diski moja au zaidi, bodi ndogo yenye kichakataji, mfumo endeshi ambao mara nyingi ni wa jamii ya Linux, na tundu la kebo inayokiunganisha na ruta. Nje pana adapta inayokilisha umeme.

Kwa hakika hiyo ni tarakilishi kamili isiyokuwa na kioo wala kibodi. Simu, runinga na tarakilishi zote za nyumbani hufikia faili zake kupitia ruta.

Sababu ya watu kukinunua hudhihirika ukipiga hesabu. Terabaiti 2 zaweza kubeba takriban picha 400,000 zenye ukubwa wa megabaiti 5 kila moja. Kwa muunganisho unaopakia megabiti 10 kwa sekunde, kuzipeleka picha hizo zote kwenye seva za ng'ambo kutachukua zaidi ya siku 18, usiku na mchana.

Isitoshe, intaneti yenyewe hutegemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, watumiaji katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki waliona kasi ikishuka ghafla. Data iliyo sebuleni haitegemei bahari.

Hata hivyo, mwenye kuweka data sebuleni ndiye pia mlinzi wake, fundi wake na mwenye kubeba hasara yake.

Kwanza, usifanye lolote kwa haraka

Kosa linalotendwa na wengi ni kuzima na kuwasha kifaa mara kumi kwa matumaini kwamba kitazinduka. Ikiwa diski ndiyo mgonjwa, kila uwashaji huidhuru zaidi.

Kosa la pili ni kubonyeza kile kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio ya kiwandani. Katika baadhi ya vifaa kitufe hicho hufuta nywila tu, lakini katika vingine hufuta kila kitu. Usikiguse kabla ya kusoma kijitabu cha kifaa chako.

Kosa la tatu ni kukubali ombi la tarakilishi. Ukichomoa diski ya kisanduku na kuiunganisha na tarakilishi yenye Windows, huenda ukaulizwa kama ungependa diski hiyo iandaliwe upya ndipo itumike. Windows huuliza hivyo kwa sababu haifahamu mpangilio wa faili wa Linux. Jibu ni la, hata ukiulizwa mara mia.

Badala ya yote hayo, kaa chini uandike: kifaa kilizimika lini, umeme ulikuwa umekatika au la, taa zipi zinawaka na za rangi gani, na sauti gani inasikika. Maelezo hayo yatakufaa wewe, na yatamfaa fundi zaidi.

Kutoonekana si kufa

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni mtandao, kwa kuwa ndicho rahisi na hakihatarishi chochote.

Ikiwa taa za kisanduku zinawaka kama kawaida na diski inasikika ikizunguka kwa utulivu, yamkini kifaa ni kizima ila hakionekani. Chomoa kebo yake, ujaribu nyingine, na ujaribu tundu jingine la ruta. Kebo zilizotafunwa na panya au kukunjwa nyuma ya kabati zimewahi kulaumiwa kuwa vifo vya diski.

Kisha jiulize kama umebadilisha ruta. Kampuni ya intaneti ikikuletea mpya, huenda anwani za mtandao wa nyumbani zikabadilika, tuseme kutoka zile zinazoanza na 192.168.1 hadi zinazoanza na 192.168.0. Kisanduku kilichowekewa anwani isiyobadilika kitabaki katika mtaa wa zamani, kikiita bila kuitikiwa. Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Pana pia sababu inayowachanganya wengi: kifaa ni kizima, ruta ni ile ile, lakini tarakilishi imebadilika. Visanduku vya zamani hutumia lugha ya kubadilishana faili iitwayo SMB1. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, tarakilishi mpya haziwekewi lugha hiyo kwa sababu za kiusalama. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotolewa 2024, liliongeza masharti mengine yanayovikataa vifaa vinavyopokea wageni bila nywila.

Kwa hivyo, jaribu kukifikia kisanduku kwa simu au kwa tarakilishi nyingine kabla ya kutangaza msiba. Kikifikika, usishangilie tu. Nakili faili zako zote siku hiyo hiyo.

Umeme, mshukiwa mkuu

Ikiwa taa haziwaki, au zinawaka na kuzimika, au diski inaanza kuzunguka kisha inasita na kuanza upya, mshuku adapta kabla ya kuishuku diski.

Adapta za vifaa hivi kwa kawaida hutoa volti 12. Kadiri miaka inavyopita, na hasa mahali penye joto, kapasita zilizomo ndani hudhoofika. Adapta dhaifu ina hila: ikipimwa kwa mita bila mzigo huonyesha volti 12 barabara, lakini diski inapoanza kuzunguka na kuhitaji nguvu, volti huporomoka na kifaa huanguka.

Sauti ya diski isiyopata umeme wa kutosha hufanana sana na sauti ya diski iliyovunjika. Ndiyo maana watu hutupa diski nzima kwa kosa la adapta ya bei nafuu.

Tafuta adapta nyingine yenye volti zile zile, ampea zile zile au zaidi, na mpangilio ule ule wa chanya na hasi kwenye ncha. Alama hizo zimechapishwa kwenye kibandiko. Ukiweka adapta ya volti 19 ya tarakilishi ya kupakata kwa sababu tu ncha inaingia, waweza kuiunguza bodi na diski kwa pamoja.

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hatari kubwa zaidi huja unaporudi. Wakati wa kukatika, kisanduku huenda kilikuwa katikati ya kuandika faili, na orodha yake ya faili ikabaki nusu. Wakati wa kurejea, huenda volti zikapanda kupita kiasi kwa muda mfupi. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipokosa umeme kwa saa nyingi, ushauri bora kwa mwenye kifaa cha aina hii ulikuwa kukichomoa kwenye soketi na kungoja hadi umeme utulie. Ushauri huo ungali bora kila stima inapopotea.

Bodi imekufa, diski i hai

Tuseme umebadilisha adapta na bado kifaa hakiamki. Sasa shuku bodi au mfumo endeshi.

Huu ni ugonjwa wa kisanduku, bali si wa data. Unachohitaji ni kuitoa diski na kuisoma mahali pengine.

Zima kifaa, chomoa umeme, na ufungue. Ikiwa kina diski zaidi ya moja, bandika karatasi kwenye kila diski ukiandika nafasi yake, ya kwanza, ya pili na kuendelea. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Usitupe bodi wala kasha, maana baadhi ya vifaa hufunga data kwa msimbo ambao ufunguo wake umo kwenye bodi ile ile.

Iunganishe diski na tarakilishi kwa kebo ya SATA au kwa adapta ya USB yenye umeme wake. Ukitumia tarakilishi ya Windows, iwashe kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi, mathalani Ubuntu, ambayo huweza kutumika bila kusakinishwa wala kugusa Windows. Fungua diski kwa hali ya kusomwa tu, ili kitu chochote kisiandikwe juu yake.

Iwapo kisanduku kilikuwa na diski mbili zilizopangwa kama kioo, mpangilio uitwao RAID 1, kila diski ina nakala kamili, na moja pekee yaweza kutosha. Ikiwa zilipangwa kwa RAID 0, kila faili imegawanywa vipande baina ya diski zote mbili, na moja bila mwenzake haina maana. Katika RAID 5, yenye diski tatu au zaidi, zaweza kukosekana moja tu.

Usishangae pia Linux ikikataa kuifungua diski ya kisanduku kizee. Vingine, kama vile My Book Live ya Western Digital, vilipanga faili kwa vipande vya kilobaiti 64 ambavyo tarakilishi za kawaida hazivikubali moja kwa moja. Data imo. Pana programu za Linux zinazoweza kuisoma bila kuandika, na fundi mzoefu atazijua.

Njia nyingine ni kununua kisanduku cha kampuni ile ile kinachopokea diski za kile cha kwanza na kuzihamishia humo kwa mpangilio wake. Soma maagizo ya kampuni kwanza. Kifaa kipya kikitaka kuandaa diski upya, koma hapo hapo.

Diski inapogonga

Sasa tufikie ugonjwa wenyewe. Diski inayotoa sauti ya kugonga kwa mpigo, au kukwaruza, au isiyozunguka kabisa hata kwa adapta nzima, imeumia kimwili.

Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka kwa kasi, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea, kwa kimo cha nanomita chache. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Kwa hivyo chembe moja ya vumbi, kwa kichwa hicho, ni kama jabali katikati ya barabara kuu.

Ndiyo sababu diski haifunguliwi mezani nyumbani, wala kwenye kibanda cha kutengeneza simu, licha ya ustadi wa fundi. Hufunguliwa katika chumba chenye hewa iliyochujwa. Hewa ya kawaida ya Voi, hata siku isiyo na upepo, haifai.

Puuza pia ushauri wa kuiweka diski kwenye friji. Unyevu utakaoganda juu ya sahani baada ya kuitoa utamaliza kilichobaki. Vivyo hivyo, kubadilisha bodi ya diski na kuweka ya diski nyingine ya aina ile ile aghalabu hakufaulu siku hizi, kwa kuwa kila bodi ina chembe ya kumbukumbu yenye vipimo vya diski yake pekee. Chembe hiyo isipohamishwa, diski haitaitikia.

Ukisikia mgongo huo, zima na usiwashe tena. Kuanzia hapo data yako inahitaji maabara, na uamuzi wako ni mmoja tu: je, thamani ya kilichomo yazidi gharama ya kukitoa?

Nakala kwanza, uokozi baadaye

Pana hali ya katikati, ambapo diski inazunguka bila kugonga lakini inasoma kwa kusuasua. Folda hufunguka baada ya dakika tano, na faili nyingine hukataa. Diski ya namna hii ina sehemu zilizokufa, na zinazidi kuongezeka.

Silika itakuambia uanze kunakili folda moja moja. Usifanye hivyo. Kila folda humlazimisha kichwa kuruka huku na huko, na kila sehemu mbovu humkwamisha.

Njia iliyo bora ni kuchukua nakala ya diski nzima, biti kwa biti, kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi. Programu ya bure iitwayo ddrescue imeundwa kwa kazi hiyo. Huanza kwa kuchukua sehemu zote nzima kwa haraka, ikiziruka zenye matata, kisha hurejea kwenye zile mbovu pole pole.

Faida yake kubwa kwa mkazi wa mahali penye umeme wa wasiwasi ni kwamba huandika ramani ya ilipofika. Stima ikipotea katikati ya kazi, utaendelea kutoka pale pale badala ya kuanza upya. Sharti ni kuhifadhi ramani hiyo kwenye diski nzima, na kuwa mwangalifu mno usichanganye diski ya kutoka na ya kwenda. Ukizigeuza, utaifuta ile uliyotaka kuiokoa.

Diski nzima ya terabaiti 2, ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua saa tano na nusu hivi. Mgonjwa huenda akachukua siku kadhaa. Elekeza feni kwenye diski wakati wote huo, hasa katika miezi ya joto la Januari na Februari.

Ukishapata nakala, iweke diski ya zamani kando na ufanye majaribio yote kwenye nakala. Programu ya TestDisk huweza kurejesha mpangilio uliopotea, na mwenzake PhotoRec hutambua picha, video na stakabadhi kwa umbo lake hata orodha ya faili ikiwa imefutika. Upungufu wa PhotoRec ni kwamba faili hurudi bila majina yake ya awali. Mtu mwenye picha 40,000 atakuwa na kazi ya miezi kuzipanga, lakini atakuwa nazo.

Mwizi asiyebisha hodi

Si kila hasara hutokana na diski kuchakaa. Mnamo Juni 23 na 24, 2021, wenye visanduku vya My Book Live sehemu mbalimbali duniani waliamka na kukuta folda zote tupu. Vifaa vilikuwa vizima. Mtu alikuwa ameviamuru kupitia intaneti vijirejeshe katika hali ya kiwandani.

Visanduku hivyo vilianza kuuzwa 2010, na programu yake iliboreshwa mara ya mwisho 2015. Ilibainika kwamba hatua ya kudai nywila kabla ya amri hiyo ya kufuta ilikuwa imelemazwa ndani ya programu. Kampuni iliwashauri wateja wachomoe vifaa kwenye intaneti, na baadaye ikatoa huduma ya kuwaokolea data.

Januari 2022 ikawa zamu ya visanduku vya QNAP. Programu hasidi iitwayo DeadBolt iliingia kwenye vile vilivyoachwa wazi mbele ya intaneti, ikafunga faili na kudai kikombozi cha bitkoini 0.03.

Funzo ni kwamba kisanduku cha nyumbani kibaki nyumbani. Zima njia ya kukifikia kutoka nje isipokuwa unaihitaji kwa dhati, boresha programu yake kila inapotolewa mpya, na kampuni ikiacha kukihudumia, kitenge na intaneti. Ukikuta faili zimefutwa au kufungwa, chomoa kebo ya mtandao kwanza, na usiandike chochote kipya juu ya diski hiyo.

Ukiamua kumwendea mtaalamu

Ifunge diski kwenye mfuko unaozuia umeme tuli, kisha kwenye sifongo au nguo laini pande zote, ndani ya sanduku gumu. Ibebe mwenyewe. Garimoshi la Madaraka, ambalo limekuwa likipitia kituo cha Voi tangu 2017, lina mtikisiko mdogo kuliko buti la matatu.

Uliza maswali matatu kabla ya kuikabidhi. Je, kuna malipo ya uchunguzi hata data isipopatikana? Je, diski itafunguliwa hapo, au itapelekwa kwingine? Je, utaonyeshwa orodha ya faili zilizopatikana kabla ya kulipa? Fundi anayeahidi kupata kila kitu kabla ya kuiona diski anauza maneno.

Kwa mwenye studio, zahanati au shule, pana jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humfanya awe mdhamini wa taarifa za watu zilizomo, hata diski ikiwa imekufa. Aandikiane mkataba na fundi kuhusu usiri. Taarifa hizo zikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kweli ya wahusika kudhurika, Kamishna wa Data sharti aarifiwe ndani ya saa 72 baada ya jambo hilo kujulikana.

Kinga

Wengi hudhani kuwa kisanduku chenye diski mbili ni hifadhi tosha. Sivyo. Diski mbili hukinga dhidi ya kufa kwa moja. Hazikukingi dhidi ya mwizi anayebeba kisanduku kizima, radi, moto, programu hasidi, au mtoto anayefuta folda. Ukifuta faili kwenye diski moja, kioo chake hufuta papo hapo.

Kanuni inayofuatwa na wapiga picha na mafundi kote duniani ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yazo ikae mahali pengine. Kwa mkazi wa Voi, mahali pengine paweza kuwa nyumbani kwa wazazi Wundanyi, au kwa ndugu aliye Mombasa. Diski ya nje ya USB inayobadilishwa kila mwisho wa mwezi hutosha, mradi isiachwe imechomekwa.

Usiitegemee diski ikuonye. Utafiti uliochapishwa 2007 na wahandisi wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa kwake ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 zaidi ya ule wa diski isiyo na kosa. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote kati ya yale manne yenye uzito. Kwa maneno mengine, onyo likija, hama siku hiyo, lisipokuja, usijidanganye.

Nunua kifaa cha UPS chenye kuzuia mpando wa umeme, na kama kisanduku chako kinakubali, kiunganishe kwa kebo ili kijizime chenyewe betri inapokaribia kwisha. Kiweke mbali na dirisha, juu ya meza wala si sakafuni, mahali hewa inapopita. Futa vumbi kwenye matundu yake kila mwezi, kikiwa kimezimwa. Ukurasa wake wa mipangilio huonyesha joto la diski. Likivuka nyuzi 50 mara kwa mara, kihamishe.

La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Chagua picha tano za miaka tofauti, nenda kwenye diski yako ya akiba, na uzifungue moja baada ya nyingine hadi zionekane kwenye kioo. Zote zikifunguka, andika tarehe kwenye kibandiko cha diski hiyo na urudie baada ya miezi mitatu. Hata moja ikikataa, umelijua tatizo wakati kisanduku kingali hai, na data ingali mahali pake ikingoja kunakiliwa.